Miguu kwanza, filimbi baadaye: mwamuzi kijana wa basketi na safari ya kupanda ngazi

Kijana akishamaliza mafunzo ya uamuzi hapa Lubumbashi na kuvaa shati lake la kijivu, swali lake la kwanza ni lile lile: "Nitapewa lini mechi ya wakubwa?" Jibu langu huwa halimpendezi. Utapewa siku miguu yako itakapozoea kufika mahali pake kabla ya filimbi. Mwangalizi aliyekaa pembeni na daftari lake hahesabu faulo ulizoita. Anaandika ulikuwa umesimama wapi ulipoziita.

Ngazi zenyewe hazina siri. Unaanza mechi za antanti, yaani chama cha basketi cha mji, unakwenda za mkoa wa Haut-Katanga, kisha mashindano ya taifa chini ya FEBACO, shirikisho la basketi la Kongo, na juu kabisa leseni ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia. Hiyo ya mwisho huiombi mwenyewe: shirikisho la nchi ndilo linalopeleka majina. Maana yake, kila ngazi unaonwa na watu wa ngazi uliyopo. Mechi ya watoto Jumamosi asubuhi kule Katuba, yenye watazamaji kumi na mbwa mmoja, ndiyo mtihani wenyewe.

Kabla ya hapo, kaa mezani. Nawashauri vijana wafanye kazi ya meza kwa miezi kadhaa: karatasi ya mechi, saa, kifaa cha sekunde 24 kinachohesabu muda wa timu kurusha mpira. Aliyewahi kubonyeza kifaa hicho hababaiki anapoamua kama saa irudi 24 au 14. Timu iliyorusha ikiupata tena mpira baada ya kugonga ringi, ni 14. Wapinzani wakiuchukua wao katika eneo lao la nyuma, ni 24. Na aliyewahi kujaza karatasi hasahau kwamba faulo ya tano ya timu ndani ya robo moja inafungua mitupo miwili huru. Waamuzi wengi wanaozomewa dakika ya mwisho hawakukosea kuona. Walikosea kuhesabu.

Sasa tuje kwenye miguu. Mechi nyingi za hapa zinachezeshwa na waamuzi wawili: wa kichwa, anayetangulia hadi mstari wa mwisho chini ya kikapu, na wa mkia, anayefuata nyuma ya mchezo. Kosa kubwa la wa mkia ni kuganda karibu na mstari wa pembeni upande wake wa kushoto. Mpira ukihamia kulia, yeye anabaki pale pale, na kati yake na tukio kuna migongo mitatu. Anachopaswa kufanya ni kuingia kuelekea katikati ya uwanja, akibaki nyuma ya mpira mita tatu hivi, hadi auone mwanya wa hewa kati ya mshambuliaji na mlinzi wake. Huo mwanya ndio kazi yote. Ukiuona, utajua nani alimgusa nani. Usipouona, unakisia, na benchi la wageni linajua kwamba unakisia. Mara nyingi hatua moja tu ya pembeni inatosha kuufungua. Hatua tano za kusogea mbele hazisaidii kitu, zinakuleta tu karibu na mgongo ule ule.

Wa kichwa ana kosa lake: anasimama juu ya mstari wenyewe. Akiwa karibu hivyo anaona mikono ya mtu mmoja, hauoni mchezo. Arudi nyuma ya mstari mita moja au mbili, mwili wake ukiangalia kikapu kimshazari. Shida ni viwanja vyetu: nyuma ya mstari kuna ukuta, au watoto wameketi hadi vidole vya miguu vinagusa rangi. Kanuni inataka mita 2 zilizo wazi kuzunguka uwanja. Mamlaka ya waamuzi huanza dakika 20 kabla ya mechi, kwa hiyo huo ndio wakati wa kumwomba mwenyeji awarudishe watu nyuma. Robo ya pili hawakusikii tena.

Na ukifika, simama. Macho ya mtu anayekimbia yanaruka pamoja naye. Kimbia mapema, tulia, ndipo uamue.

Ukiwa umetulia, mtazame mlinzi. Mpira hauchezi faulo. Jiulize: alifika kwanza, miguu yote miwili chini, akiwa uso kwa uso na mpinzani? Akiruka, aliruka wima ndani ya nafasi yake? Kama ndiyo, mgongano ni mzigo wa mshambuliaji, hata uwanja mzima ukipiga kelele. Kofi linalosikika sana mara nyingi limetua juu ya mpira, usiite sauti.

Filimbi nayo ina subira yake. Tukio lina mwanzo, katikati na mwisho, nawe unahitaji yote matatu. Mguso mdogo ambao haukumwondolea mchezaji mwendo wala mizani, uache upite. Hatua ndizo zinazowaponza wengi: tangu kanuni za 2017, anayeushika mpira akiwa mwendoni ana hatua mbili baada ya kuukusanya. Mwamuzi aliyefundishwa na kaka yake kwa kanuni za zamani bado anaita "marshe", yaani kutembea na mpira, kila mtu anapoingia kwa kasi. Pakua kanuni na tafsiri zake rasmi bure kwenye tovuti ya FIBA, zisome, na uangalie mabadiliko, ambayo kwa kawaida huanza Oktoba.

Ishara za meza zina mpangilio: nenda hadi mahali ambapo meza inakuona bila kizuizi, mita 6 hadi 8, simama, onyesha namba ya mchezaji, kisha aina ya faulo, kisha mitupo au mwelekeo wa mchezo. Wanaoharibu ni wale wanaoonyesha huku wakitembea. Mwandishi anaandika 12 badala ya 13, na mchezaji asiyehusika anatoka kwa faulo tano.

Kuhusu makocha. Katika mji wetu kocha anaweza kuwa na umri wa baba yako, na nje ya uwanja utamwita papa, kama inavyostahili. Ndani ya mistari mwite "kocha" peke yake, kwa upole. Swali la kweli, mjibu kwa sentensi moja mchezo ukisimama. Kelele, usizijibu. Asiponyamaza, onyo moja linalosikika, kisha faulo ya kiufundi. Anayeruka onyo anaonekana na hasira. Anayetoa maonyo manne anaonekana na woga.

Jirekodi. Simu moja iliyofungwa juu ya jukwaa inatosha. Gawa kila tukio katika makundi manne: niliita sawa, niliita kimakosa, niliacha sawa, niliacha kimakosa. Kundi la mwisho ndilo vijana hawalitazami, kwa sababu halina filimbi ya kuwakumbusha.

Mavazi ni jambo fupi: suruali ndefu nyeusi, soksi na viatu vyeusi, filimbi isiyo na kijiwe ndani, maana ile yenye kijiwe hukwama kwa mate. Suruali ya tombola, yaani ya mitumba, inafaa kabisa ikiwa imepigwa pasi.

Mwili upime kwa jaribio la Luc Léger: kwenda na kurudi mita 20 kwa mlio, kuanzia kilomita 8.5 kwa saa, kasi ikiongezeka nusu kilomita kila dakika. Usilifanye mara ya kwanza siku ya semina ya taifa.

Lakini kinachowakwamisha wengi wa kwetu kwenye mlango wa FIBA ni lugha. Kazi ya kule inafanywa kwa Kiingereza: semina, mitihani, mazungumzo na wenzako kabla ya mechi. Kasumbalesa iko mpakani, kilomita 90 hivi kutoka hapa, na ng'ambo yake waamuzi wa Zambia wanaongea Kiingereza kila siku. Tafuta mmoja, mtumiane vipande vya video, na kila kipande ueleze uamuzi wako kwa Kiingereza, kwa sauti, ndani ya sekunde 15: mlinzi alikuwa wapi, nini kilitokea, adhabu ni ipi.