Elimu ya Nyumbani kwa Watoto Wadogo: Maana Yake na Wajibu Unaoambatana Nayo

Elimu ya nyumbani ni mpango ambao mzazi au mlezi hubeba mwenyewe jukumu la kumwelimisha mtoto wake, kuanzia kuamua atajifunza nini na lini hadi kupima amefika wapi, badala ya kulikabidhi jukumu hilo kwa shule. Kiini cha maana hii ni nani anayewajibika, wala si mahali masomo yanapofanyika. Mtoto anaweza kushinda maktabani asubuhi, akafundishwa muziki na mwalimu wa kulipwa, na alasiri akacheza mpira na watoto wa familia nyingine, na bado akawa anasomea nyumbani, kwa sababu anayepanga yote hayo na atakayeulizwa mambo yakienda kombo ni mzazi wake. Kwa upande mwingine, mtoto anayeketi sebuleni akimfuata mwalimu wa shule yake kwenye kompyuta ni mwanafunzi wa shule aliye mbali na shule. Mwaka 2020, shule zilipofungwa katika nchi nyingi kwa sababu ya korona, wazazi wengi walijikuta wakisimamia kazi za shule nyumbani, na baadhi yao hadi leo huipima elimu ya nyumbani kwa uchovu wa miezi ile. Kipimo hicho si cha haki, kwa kuwa mzazi hakuichagua hali ile, na masomo yenyewe yaliendelea kupangwa na shule.

Tuisheni nayo haiingii katika maana hii, kwa kuwa ni nyongeza ya shule. Wala kumwacha mtoto nyumbani bila mpango wowote hakuwi elimu ya nyumbani kwa sababu tu mzazi amekuita hivyo. Huko ni kumnyima mtoto haki yake, na ni vyema kukuita kwa jina lake.

Kwa karne nyingi watoto wamejifunza mengi kutoka kwa wazazi wao, lakini jambo hili lilikuja kuwa uamuzi wa kisheria pale tu dola zilipoanza kulazimisha elimu. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1882 inayohusishwa na waziri Jules Ferry, iliifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima kwa watoto wa miaka 6 hadi 13, lakini ikaruhusu itolewe shuleni au katika familia; tangu mwaka 2022, mzazi wa huko sharti aombe kibali kwanza. Sheria ya elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayolingana na umri na uwezo wake, kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine. Afrika Kusini humtaka mzazi amsajili mtoto anayesomea nyumbani, na nchini Marekani njia hii inaruhusiwa katika majimbo yote, ingawa masharti yanatofautiana sana. Ujerumani imeshikilia kwamba kuhudhuria shule ni lazima, na familia zilizoipeleka mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ikiwamo kesi iliyoamuliwa mwaka 2019, hazikufanikiwa. Mvutano huu unaonekana hata ndani ya Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ambalo ibara yake ya 26 inaanza kwa kutamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu, na inamalizia kwa kuwapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wao. Mimi huisoma ibara hiyo kwa mpangilio wake: haki ya mtoto imetangulia, na uchaguzi wa mzazi upo ili kuitumikia.

Wazazi huongozwa na sababu nyingi, kama vile imani ya dini, ugonjwa au ulemavu wa mtoto, familia inayohamahama kwa ajili ya kazi, mtoto aliyeonewa na wenzake, au kutoridhika na shule zilizopo. Sababu yoyote kati ya hizo inaweza kuwa nzuri, lakini hakuna hata moja inayomfundisha mtoto kusoma.

Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 7, kosa linalofanyika mara nyingi ni kuihamishia nyumbani ratiba nzima ya shule, mtoto akae mezani tangu asubuhi hadi mchana. Sehemu kubwa ya saa za shule hutumika kupanga kundi, kugawa vifaa, kusahihisha madaftari na kungojea zamu, na mtoto anayefundishwa peke yake hana haja ya saa hizo. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1923, alishauri kwamba somo la mtoto mdogo lisizidi takriban dakika 20, na yeyote aliyewahi kuketi na mtoto wa umri huo anajua kwamba baada ya hapo macho yako kwenye kitabu lakini akili imekwisha kuondoka. Muda unaobaki ni wa kusomewa hadithi, kuchora, kucheza nje, na hasa kuzungumza na mtu mzima anayejibu maswali yake kwa uzito.

Faida ya kufundisha mtoto mmoja huonekana katika mambo madogo. Mtoto anaweza kuimba ba, be, bi, bo, bu bila kusita, kisha ukimwandikia neno "bibi" peke yake kwenye karatasi akanyamaza, kwa sababu alichojua ni wimbo. Mwingine husoma "ng'ombe" kwa sauti ya ng iliyomo katika "ngoma". Anayemsikiliza mtoto mmoja hulidaka kosa hilo papo hapo. Katika hesabu, panga vifungo 7 kwa mstari, na vingine 7 chini yake vikitazamana na vya juu. Mtoto atakubali kwamba mistari iko sawa. Kisha uachanishe vifungo vya mstari wa chini bila kuongeza hata kimoja, umuulize tena. Watoto wengi wa miaka 4 au 5 watasema kwamba mstari wa chini sasa una vingi zaidi, kama alivyoeleza Jean Piaget, mwanasaikolojia kutoka Uswisi, hata wale wanaohesabu hadi 20 bila kukosea. Mzazi aliyeliona hilo hakimbilii kujumlisha na kutoa; humrudisha mtoto kwenye vifungo, siku baada ya siku, hadi aone mwenyewe.

Hata hivyo mzazi ana udhaifu ambao mwalimu mgeni hana: husikia anachotamani kusikia. Mtoto aliyekariri ukurasa huonekana anasoma. Kwa hiyo ni lazima apimwe kwa maandishi ambayo hajawahi kuyaona, picha zikiwa zimefunikwa, na kila mara mtu mwingine amsikilize. Daftari la kumbukumbu, lenye tarehe, alichofanya mtoto na kilichomshinda, si urasimu. Bila hilo mzazi hawezi kujua kama miezi mitatu imezaa maendeleo au imepita tu.

Swali la wenzake wa kucheza nao huulizwa kuliko yote, na nadhani linastahili. Mtoto mdogo hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila kulia na kupatana baada ya ugomvi akiwa na watoto wenzake, si akiwa na mama yake. Familia inayosomesha nyumbani inapaswa kuliwekea jambo hili siku zake katika ratiba kama inavyoweka siku za hesabu, na watoto hao wawe walewale kila wiki, kwa maana urafiki haujengwi kwa kukutana mara moja.

Gharama kubwa ya njia hii ni muda wa mtu mzima, ambao mara nyingi humaanisha kipato kinachopungua na mzazi asiyepata mapumziko. Uamuzi wenyewe si wa maisha yote. Watoto wengi husomea nyumbani miaka ya mwanzo kisha wakaingia shule, na shule inayowapokea huhitaji kujua wamefikia kiwango gani katika kusoma, kuandika na kuhesabu ili iwaweke katika darasa linalowafaa. Mzazi anayekusudia hivyo hana budi kuwa na mtaala wa shule za eneo lake mkononi tangu siku ya kwanza, hata kama anaufuata kwa mpangilio wake mwenyewe.