Tiba kwa Vitendo Haisubiri Mgonjwa Apone

Wiki iliyopita dada wa mgonjwa mmoja alinisimamisha mlangoni mwa wodi, hapa Kampala, akaniambia kwa upole: “Musawo (yaani daktari), mwacheni ndugu yangu apone kwanza, ndipo mumfundishe kusuka mikeka.” Maneno hayo nimeyasikia kwa ndugu, kwa wanafunzi na hata kwa wahudumu wenzangu, na yananiuma, kwa sababu yanamcheleweshea mgonjwa jambo analolihitaji tangu siku za kwanza.

Tiba kwa vitendo, yaani kumtibu mgonjwa kupitia kazi za kila siku, haikuingia wodini ili kupitisha muda. Chama chake cha kwanza kiliundwa Marekani mwaka 1917, na mmoja wa waanzilishi wake, Eleanor Clarke Slagle, aliwarejesha wagonjwa wa akili katika mazoea ya kuamka, kuoga na kufanya kazi kwa ratiba. Aliyezidiwa na anayetishia kujidhuru hapewi kisu. Hilo halihitaji maelezo. Lakini anaweza kunawa uso au kutandika kitanda, nami nikimtazama ninaona yale ambayo mazungumzo ya kitandani hayaonyeshi.

Ndugu wa yule dada alikuwa kijana muuza chapati kando ya barabara. Siku ya tano alikuwa akilala usiku, na sauti alizozisikia zilikuwa zimepungua. Nilipomwekea unga, maji na kibao cha kusukumia, alichukua muda mrefu mno kufanya donge moja, na aliyekuwa karibu akasema kwamba hataki kazi. Hapo ndipo ninapoomba watu watulie watazame. Mgonjwa ambaye ugonjwa umemwondolea ari haanzi, lakini ukimwanzishia hushika kwa wepesi, kisha huacha. Ambaye fikra zake bado zimevurugika hufanya haraka, ila hupoteza mpangilio: humimina maji yote kabla ya kuangalia unga, au huweka chapati kikaangoni bila kuwasha moto. Ambaye haloperidoli, dawa ya kupunguza sauti hizo, imemkaza misuli huanza mwenyewe na macho yake hayaondoki kwenye kazi, lakini vidole hukawia, na akitembea mikono haipembei. Kwa jicho la haraka wote watatu “hawawezi kazi”, ilhali wa kwanza anahitaji hatua ndogondogo za kila siku, wa pili anahitaji muda zaidi wa matibabu, na wa tatu anahitaji daktari aitazame upya dozi yake. Kijana wetu alikuwa wa tatu. Dozi ilipunguzwa, na siku chache baadaye alisukuma chapati za duara.

Vipimo vyetu navyo vina mipaka. Kile cha Claudia Allen, mtaalamu wa fani hii, cha kushona kipande cha ngozi ya mnyama kwa kamba, kinachopanga uwezo wa akili katika viwango 6, nilifundishwa kukiamini. Lakini mama aliyesuka mikeka tangu utotoni hushona kwa kumbukumbu ya vidole, akapata kiwango kikubwa, kisha akashindwa kupanga nauli ya kurudi nyumbani. Hata chapati za wodini zinanitia shaka, kwa kuwa pale hakuna mkaa unaozimika wala wateja watano wanaodai chenji kwa pamoja. Kwa hiyo nimemwomba dada wa kijana wetu asimame naye kibandani wiki ya kwanza, yeye ashike fedha na kijana ashike unga, kisha waje wote wawili kliniki wanieleze ni saa ngapi alianza kuchoka.