Michael Kremer na vitabu vya Busia

Kazi yangu ni tathmini ya miradi ya elimu, na kila ninapoombwa kuieleza huanza na vitabu vya kiada vya Busia, Kenya, wala si dawa za minyoo zilizompa Michael Kremer sifa.

Mwanauchumi huyu Mmarekani alipomaliza shahada ya kwanza Harvard mwaka 1985, alikwenda kufundisha Kakamega, magharibi mwa Kenya. Baadaye alirudi Harvard kwa uzamivu, akauhitimu mwaka 1992, na mwaka uliofuata akachapisha nadharia ya O-ring, iliyopewa jina la kile kipete cha mpira kilichokiangamiza chombo cha anga cha Challenger: kazi yenye hatua nyingi huharibiwa yote na hatua moja iliyofanywa ovyo. Hiyo pekee ingetosha kumpa jina vyuoni, lakini Kenya ilikuwa imekwisha kumvuta.

Shirika moja la hisani lilikusudia kusaidia shule 100 za Busia na Teso, ila si zote kwa mara moja. Kremer na wenzake wakaugeuza uhaba huo kuwa kipimo: mwaka 1996 shule 25 zilichaguliwa kwa nasibu zipate vitabu kwanza, na zilizosubiri zikawa za kulinganishia. Ukilinganisha tu shule zenye vitabu na zisizo navyo utadanganyika, kwa kuwa penye vitabu mara nyingi pana wazazi wenye uwezo pia. Nasibu ilipoiondoa tofauti hiyo, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakiongoza tangu mwanzo, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi kilikuwa lugha ya tatu.

Mwaka 1998 zikafuata dawa za minyoo, katika shule 75 zilizotibiwa kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo, na hata watoto wasiomeza dawa waliripotiwa kupata nafuu kwa kuwa maambukizi yalipungua. Alama za mitihani hazikubadilika, jambo ambalo mashabiki wa mradi huo hupenda kulisahau. Mwaka 2015 watafiti wengine waliorudia hesabu walikuta makosa, hasa kuhusu manufaa kwa shule jirani, na mabishano yakawa makali.

Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya Uchumi na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kisha akahamia Chuo Kikuu cha Chicago. Watoto wale wa Busia walifuatiliwa hadi utu uzimani, wakiulizwa kazi wanazofanya na kipato chao.