Kumudu makazi maana yake nini?

Mradi wa nyumba ukitangazwa kuwa wa "bei nafuu", swali la kwanza ni: nafuu kwa nani? Bei peke yake haijibu. Kaya inamudu makazi yake pale ambapo, ikishalipa kodi au rejesho la mkopo, inabaki na fedha za kutosha kula, kutibiwa, kusomesha watoto na kwenda kazini.

Kipimo kinachotajwa sana ni kwamba gharama ya makazi isizidi asilimia 30 ya kipato. Asili yake ni nyumba za umma za Marekani, ambako sheria ya mwaka 1969 iliweka ukomo wa kodi kuwa asilimia 25 ya kipato cha mpangaji. Mwaka 1981 ikapandishwa hadi 30. Ni hesabu nyepesi, lakini inaficha hali ya wenye kipato kidogo. Anayepata shilingi 2,000,000 kwa mwezi akilipa 600,000 anabaki na 1,400,000. Anayepata 300,000 akilipa 90,000 anabaki na 210,000: chakula, maji, umeme, nauli na ada vyote vitoke humo. Asilimia ni ileile, lakini wa pili hajamudu chochote. Ndiyo maana naona ni haki zaidi kuangalia kinachobaki kuliko kinacholipwa.

Halafu kuna namna ya kulipa, jambo ambalo vitabu vya uchumi hulipita haraka na wapangaji wa Dar es Salaam wanaliishi. Chumba cha 100,000 kwa mwezi kinaonekana kumfaa mwenye mshahara wa 400,000. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anadai ya mwezi mmoja. Hapo zinatakiwa 700,000 siku moja, karibu mishahara miwili. Hapo ndipo watu hukopa kwa riba kubwa au hula mtaji wa biashara, na miezi sita si mingi kabla ya kudaiwa tena. Wengine huhamia pembezoni kwenye kodi ndogo, kisha unafuu wote unaishia kwenye nauli za daladala na saa za barabarani.

Kenya imeiingiza dhana ya kumudu makazi kwenye sheria. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Inawagawa wanufaika kwa kipato: wa chini ya shilingi za Kenya 20,000 kwa mwezi wana nyumba za kijamii, na wa kuanzia 20,000 hadi 149,000 wana nyumba za bei nafuu. Angalau swali la "kwa nani" limejibiwa kwa tarakimu.

Kwa mpangaji wa Mbagala au Manzese, Dar es Salaam, hata hivyo, ruhusa ya kulipa kodi mwezi kwa mwezi ingemfikia mapema kuliko ghorofa lolote jipya.