Mchanga wa mchele hauna hatia

Mzee mmoja, dereva wa lori, aliingia chumbani kwangu kliniki akiwa na kiberiti mkononi. Ndani yake, juu ya kipande cha pamba, kulikuwa na kijiwe cha rangi ya kahawia, kidogo kama punje ya mtama, kina miiba kama mbigili. Kilikuwa kimemgaragaza sakafuni usiku mzima kabla hakijatoka na mkojo. Alitaka nithibitishe jambo moja tu: kwamba ni mchanga wa kwenye mchele, maana nyumbani walikuwa wameshagombana, na mama ndiye aliyebebeshwa lawama kwa kutouchagua vizuri.

Nilimwambia akirudi amwombe radhi mkewe. Mchanga ukiumeza unapita tumboni na utumbo hadi chooni. Hauna njia ya kufika kwenye figo. Kinachofika huko kimebebwa na damu kikiwa kimeyeyuka. Jiwe hutengenezwa palepale kwenye figo, kama chumvi inavyogandia kwenye mashamba ya chumvi pwani: maji yakipungua, kilichoyeyuka kinaanza kushikana.

Kati ya mawe matano ya figo, takriban manne yana kalsiamu, na mengi ya hayo ni kalsiamu iliyoungana na oksaleti. Hiyo oksaleti unaifahamu hata kama jina ni geni. Aliyewahi kumenya magimbi mabichi akawashwa mikono amekutana nayo: kinachowasha ni vijisindano vya fuwele za oksaleti ya kalsiamu. Imo pia kwenye mchicha, kwenye spinachi, kwenye korosho na kwenye majani ya chai. Nyingine mwili unaitengeneza wenyewe.

Hapo ndipo nikamuuliza anameza nini. "Mimi situmii dawa yoyote, daktari." Jibu hili nimelizoea, kwa hiyo nikauliza tena, kuhusu vitamini. Akatoa mfukoni kichupa cha vidonge vya vitamini C, vile vinavyotoa povu ukivitia kwenye glasi ya maji. Kila kimoja miligramu 1000, viwili kwa siku, tangu kipindi cha korona. Hakuna aliyemwandikia.

Mwanamume mzima anahitaji kama miligramu 90 za vitamini C kwa siku, mwanamke 75. Ukizidisha mno, mwili hauweki akiba. Unaitoa kwa mkojo, na sehemu yake hugeuzwa kuwa oksaleti kabla ya kutoka. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kufuatilia wanaume zaidi ya 23,000 kwa takriban miaka 11. Waliokuwa wakitumia vidonge vya vitamini C peke yake walipata mawe karibu mara mbili ya wasiotumia kirutubisho chochote. Waliotumia vidonge vyenye mchanganyiko wa vitamini nyingi, ambavyo huwa na dozi ndogo, hawakuonyesha ongezeko hilo. Utafiti wa kufuatilia watu namna hii hauthibitishi chanzo, na kwa wanawake uhusiano huo haujaonekana wazi. Lakini kwa mwanamume aliyekwisha kutoa jiwe, sioni sababu ya kuendelea na vidonge hivyo. Vingi vya vile vya povu vina sodiamu pia, ile iliyomo kwenye chumvi, nayo sodiamu huvuta kalsiamu kuiingiza kwenye mkojo. Machungwa na mapera sina ugomvi nayo.

Jambo la pili linawashangaza wengi. Mtu akisikia jiwe lake lina kalsiamu, anaacha maziwa siku hiyohiyo. Anakosea. Kalsiamu ya kwenye chakula hukutana na oksaleti utumboni, zikashikana, zikatoka pamoja na choo; oksaleti haipati nafasi ya kuingia kwenye damu. Mwaka 2002 madaktari wa Parma, Italia, walitoa matokeo ya wanaume 120 waliokuwa wakipata mawe mara kwa mara. Nusu walipunguziwa kalsiamu. Nusu walikula kalsiamu ya kawaida, ila chumvi na nyama zikapunguzwa. Baada ya miaka mitano, kundi la kwanza 23 walikuwa wamepata jiwe tena. La pili 12.

Kidonge cha kalsiamu ni habari nyingine. Kwenye utafiti mkubwa wa Marekani, uliotolewa mwaka 2006, wanawake waliopitisha umri wa hedhi walipewa kalsiamu pamoja na vitamini D, na mawe yakaongezeka kwa asilimia 17. Mama aliyeandikiwa vidonge hivyo kwa ajili ya mifupa asiviache kwa kusoma blogu yangu. Avimeze pamoja na mlo, na amwambie daktari wake kama aliwahi kuwa na mawe.

Na mchicha je? Huulizwa hili kila wiki, kwa huzuni. Uchemshe, mwaga maji yake, kisha ule pamoja na dagaa au maziwa mgando. Tui la nazi halihesabiki, ni maziwa kwa jina tu. Kalsiamu yake ni kidogo sana. Chai ya maziwa ni afadhali kuliko ya rangi. Sukuma wiki kula upendavyo.

Dawa za kienyeji "za kuyeyusha mawe" zinanichosha. Jiwe la asidi ya yuriki, aina nyingine isiyo ya kalsiamu, kweli linaweza kuyeyushwa kwa dawa, tena ya hospitali. La oksaleti ya kalsiamu halina dawa ya kuliyeyusha: litatoka lenyewe, na mengi yaliyo chini ya milimita 5 hutoka, au tutalivunja. Ila maumivu ya ubavu yakija na homa na kutetemeka, au mkojo ukikata, usisubiri asubuhi. Hiyo ni safari ya usiku uleule.

Lakini kwa mzee wangu huyu, kubwa kuliko kidonge na mboga lilikuwa maji. Alikuwa hanywi ili asisimame njiani. Lengo ni kukojoa kama lita mbili na nusu kwa siku, mkojo uwe na rangi hafifu, na kwenye joto kali hilo linataka kunywa zaidi sana ya hapo. Ndugu zetu wanaofanya kazi juani Oman wanalijua. Kukamulia ndimu ni vizuri, kwa sababu sitrati yake huzuia fuwele kushikana.

Kijiwe kilipimwa: oksaleti ya kalsiamu. Aliporudi baada ya miezi mitatu, vidonge alikuwa ameshaviacha na mkewe alikuwa amemsamehe. Ndani ya lori kuna madumu mawili ya maji, na utingo wake analalamika kwamba siku hizi wanasimama hata pasipo na mizani.