Je, Wajua Kwa Nini Wezi wa Utambulisho Huwatafuta Watoto?

Mtoto wa miezi minane hana akaunti benki, hana mshahara, hata jina lake hajaweza kulitamka. Mwizi anataka nini kwake?

Anataka namba yake. Katika nchi ambako mtu hupewa namba ya utambulisho tangu kuzaliwa, namba ya mtoto ni safi: haijawahi kukopa, haijawahi kuchelewesha deni, na hakuna anayeifuatilia. Mtu mzima akiibiwa, siku yoyote anaweza kushtuliwa na ujumbe wa benki au mkopo uliokataliwa. Mtoto haombi mkopo mpaka afike miaka 18. Aliyeibiwa akiwa mchanga anaweza kumaliza utoto wake wote bila mtu kujua, na muda huo ndio anaoufuata mwizi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Marekani, ambako Namba ya Hifadhi ya Jamii yenye tarakimu 9 hutumika kwenye kodi, ajira na mikopo. Mwaka 2011, ripoti ya CyLab, kituo cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliangalia watoto zaidi ya 40,000 na kukuta namba za asilimia 10.2 kati yao zinatumiwa na mtu mwingine. Watoto hao walikuwa wameandikishwa kwenye huduma ya kulinda utambulisho, kwa hiyo hawawakilishi watoto wote. Hata hivyo ni zaidi ya watoto 4,000, na hilo peke yake linatisha.

Wizi wenyewe hufanyika hivi. Mwizi huchukua namba halisi ya mtoto, akaipachika jina la kubuni na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mzima, kisha akaomba kadi ya mkopo. Ombi linakataliwa, maana mtu huyo hana historia yoyote. Lakini kukataliwa huko kunamfaa: taasisi ya taarifa za mikopo, yaani inayotunza kumbukumbu za nani amekopa na kulipaje, ikiulizwa habari za mtu isiyemjua, huweza kumfungulia faili. Tangu hapo mtu asiyekuwepo ana kumbukumbu zinazosema yupo. Mwizi ataomba tena na tena hadi ampate mkopeshaji asiye mkali, akope kidogo, alipe kwa wakati, aongezewe kiwango. Anaweza kwenda hivyo kwa miaka, mteja mwaminifu kabisa machoni pa benki. Halafu siku moja anakopa kwenye kila kadi mpaka kikomo chake na kutoweka. Deni linabaki limefungwa kwenye namba ya mtoto ambaye huenda yuko darasa la tatu.

Mbona benki haikugundua? Namba zilizotolewa Marekani tangu Juni 2011 hupangwa kwa nasibu, hivyo kuitazama tu hakukuambii ilitolewa lini wala wapi. Na kwa miaka mingi wakopeshaji hawakuwa na njia ya haraka ya kuiuliza serikali kama namba, jina na tarehe ya kuzaliwa vinalingana. Sheria ya mwaka 2018 ndiyo iliyoagiza njia hiyo iwepo, na huduma ikaanza mwaka 2020.

Kuna jambo gumu zaidi kulisema. Mwizi si lazima awe mdukuzi wa mbali. Huweza kuwa mzazi aliyelemewa na madeni, mjomba, au mlezi, mtu anayejua cheti cha kuzaliwa kinawekwa droo gani. Wengine hujiambia watalipa kabla mtoto hajakua. Watoto wanaolelewa nje ya familia zao wako hatarini zaidi, kwa sababu karatasi zao hupita mikononi mwa watu wengi. Ndiyo maana sheria ya Marekani huagiza taarifa zao za mikopo zikaguliwe kila mwaka kuanzia umri wa miaka 14.

Taarifa huvuja pia kupitia vitu visivyotiliwa shaka. Mwaka 2015 kampuni ya vifaa vya kuchezea ya VTech ilidukuliwa, na taarifa za watoto zaidi ya milioni 6 duniani zikachukuliwa: majina, jinsia, tarehe za kuzaliwa. Kwa hiyo fomu ya shule au ya klabu ikikuomba namba ya mtoto, uliza inahitajika kwa kazi gani na itatunzwaje. Mara nyingine nafasi hiyo ipo kwenye fomu kwa mazoea tu, na una haki ya kuuliza. Picha ya keki yenye jina kamili na umri wa mtoto, iliyowekwa mtandaoni siku yenyewe ya kuzaliwa, humpa mgeni jina, siku na mwaka kwa pamoja.

Mahali sheria inaporuhusu, funga faili ya mikopo ya mtoto, ili mtu asiweze kufungua mkopo mpya kwa namba yake. Marekani, tangu Septemba 2018, mzazi anaweza kufanya hivyo bure kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, ila sharti aombe kwa kila taasisi kivyake: Equifax, Experian na TransUnion.

Simu ya mdai ikimtafuta mtoto wako, au barua ya kodi ikija kwa jina lake, usilipe hata kidogo ili yaishe. Iandikie kampuni inayodai kwamba aliyetajwa ni mtoto mdogo asiyeweza kisheria kuingia mkataba wa mkopo, ambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, taka akaunti ifungwe, na udai uthibitisho wa maandishi kwamba imefungwa.