Limewaka, kwa hiyo?

Jana nilikuwa Buzuruga, hapa Mwanza, nimeshapanda bodaboda, mfuko wa spana mapajani, simu ikaita. "Fundi, usijisumbue tena, jiko la gesi nimeliunga mwenyewe. Limewaka." Sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Ni mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na neno ni lilelile: limewaka. Nikamwambia dereva asigeuze, twende tu Nyakato. Nauli juu yangu.

Kisa kinafanana nyumba hadi nyumba. Vijana wa kampuni wanakuja kubadilisha mita, hii inayokaa kwenye mtungi ukalipia gesi kidogokidogo kwa simu. Ya zamani inatoka, mpya inafungwa, wanaaga. Mama anaingia jikoni kuinjika maharage, anakuta mpira wa jiko umechomolewa, unaning'inia. Nyumba nzima inanuna: wametukatia jiko! Halafu baba, au shemeji aliyepita kusalimia tu, anaokota mpira, anauchomeka, anawasha. Moto wa bluu. Fundi wa nini tena?

Jiko kuwaka kunakuambia jambo moja, kwamba kuna gesi inayofika kwenye pleti, pale pa kutolea moto. Hakukuambii lolote kuhusu gesi isiyofika. Watu wa Mabatini mnaopandisha maji kwenye yale mawe mtanielewa: ndoo iliyotoboka nayo hufika nyumbani na maji. Regyuleta ya nyumbani, kile kichwa cha kwenye mtungi kinachopunguza nguvu ya gesi, inatoa mgandamizo mdogo sana, milibari 30 hivi. Kiungo kikivuja kwa tundu la sindano, moto wako hautanywea hata kidogo. Utapika ugali, utapika sato, utalala, na tundu liko palepale linafanya kazi yake.

Na aliyekukatia huenda hakukosea. Akifunga mita anatakiwa ahakikishe njia ya gesi haivuji kabla hajaondoka. Akikuta mpira umepasuka au klipu imelegea, kuliacha jiko limekatwa ndiyo kazi yenyewe. Kosa lake ni kuondoka bila kusema. Mzuie mlangoni, muulize umekata kwa sababu gani: mpira, klipu, au jiko lenyewe? Akuandikie. Kasoro ikiwa kati ya mtungi na mita, hiyo ni yao, wapigie warudi, usiguse. Ikiwa baada ya mita, niite mimi au mwenzangu.

Sasa twende kwenye vipimo vya mvujo, maana hapo ndipo watu wananichosha.

Kuna wa pua. "Ingekuwa inavuja ningesikia harufu." Gesi yenyewe haina harufu, ile ya yai bovu imetiwa makusudi ili ikushtue, na inasaidia kweli. Lakini pua ikikaa na harufu muda mrefu inaizoea. Tena sisi wa Mwanza, dagaa wameanikwa barazani tangu asubuhi, pua ishaenda likizo, halafu ndiyo uifanye mlinzi?

Kuna wa kiberiti, anayepitisha njiti kwenye viungo kuona kama patawaka. Huyu sina la kumwambia. Gesi ikifika asilimia 2 tu ya hewa ya chumba inatosha kulipuka.

Na siku hizi kuna wa mita. "Fundi, namba hazijasogea usiku kucha." Huyu angalau ametumia akili, na hata mimi naitumia njia hiyo: funga swichi zote za jiko, acha vali ya mtungi wazi, soma namba, ngoja nusu saa, soma tena. Ikisogea, amini kwamba kuna kinachovuja. Isiposogea, bado usishangilie. Kwanza, mita inahesabu kinachopita ndani yake. Kiungo cha kati ya mtungi na mita kikivuja, mita haijui kabisa, ni kama konda asiyewahesabu abiria walioshukia njiani kabla hajawafikia. Pili, mvujo mdogo sana unaweza kuwa chini ya kiwango ambacho mita inaanza kuhesabu. Kwa hiyo mita ni shahidi wa upande mmoja.

Povu ndilo kipimo. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo, likorogwe liwe zito, sponji, basi. Swichi zimefungwa, vali iko wazi, unapaka kila kiungo kuanzia mtungi hadi nyuma ya jiko, na unangoja. Kungoja ndiko kunakowashinda. Mtu anapaka, anatazama sekunde tatu, anasema safi.

Pale Nyakato nilikuta mzee ameufunga mpira kwenye kidomo cha jiko (kile kijibomba kinachochomekwa mpira) kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa kwa ustadi, na chini yake tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nikapaka. Kimya. Mzee akatabasamu. Tukangoja. Pembeni ya utepe likachomoza povu moja, likavimba polepole mpaka likawa kama jicho la sato, likapasuka, likaja jingine.

"Lakini linawaka," akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Nizungumzie hiyo tepu nyeupe, kwa sababu hata mafundi wenzangu wananiudhi nayo. Tepu kazi yake ni kwenye nyuzi zilizochongwa kwenye bomba la chuma, zinazobanana zenyewe. Kwenye kidomo, kinachozuia gesi ni mpira kukumbatia yale meno, na klipu kuukaza. Ukiweka tepu katikati umeuwekea mpira kitu cha kutelezea. Na penye nati yenye washa ndani, kile kipira cha duara, kinachoziba ni washa; zungusha tepu mpaka nati ifanane na kilemba, washa ikiwa imeliwa itavuja tu. Mpira wa bustani nao usiniletee, gesi inaukausha mpaka unakuwa mgumu kama bomba.

Kuhusu mpira wa gesi wenyewe, nikiri jambo. Wateja wanataka niwape miaka: unakaa mitatu, mitano? Nimetoa wenye miaka miwili uliopasukapasuka kwa kukaa nyuma ya oveni, na nimeacha wa zamani zaidi uliokuwa laini. Kwa hiyo naukunja mbele ya mwenyewe. Ukionyesha nyufa, nautupa, hata kama tarehe iliyochapwa inaniambia nisubiri.

Na povu nalo liliwahi kuniaibisha. Nyumba moja Pasiansi nilipima kila kiungo, kimya, nikachukua hela yangu. Kesho yake mama akaniita, harufu iko palepale. Ilikuwa inavuja kwenye shina la swichi, na inavuja swichi ikiwa wazi tu, mimi nilipima zote zikiwa zimefungwa. Tangu siku hiyo napima mara mbili, ya pili pleti ikiwa inawaka. Hata hivyo sitaapa kwamba hakuna linalonipita.

Mengine haraka. Ukiinusa gesi, funga vali ya mtungi, fungua mlango, taa usiiwashe wala kuizima. Nimesema mlango kwa sababu gesi yetu ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, dirisha la juu haliifikii. Baada ya kuunga, hewa iliyoingia kwenye mpira itachelewesha moto. Usiache swichi wazi huku unatafuta kiberiti. Oveni ikizimika kila ukiachia swichi, si mita mpya imeiharibu, ishikilie sekunde kumi na kitu kwanza ipate joto. Na aliyehama na jiko lake kutoka Dar, lililokuwa kwenye gesi ya bomba: huku tunatumia ya mtungi, nozeli zake, yale matundu ya kutolea gesi, ni kubwa mno, ndiyo maana moto ni wa njano na sufuria zinatoka masizi. Zibadilishwe.

Nyakato niliweka mpira mpya na klipu mbili, nikapaka, tukakaa kwenye vigoda dakika tano tukitazama povu lisilofanya kitu. Mzee akalipa bila kubishana. Kisha akaokota ule utepe wake wa tyubu, akaukung'uta sabuni, akatoka nao kwenda kufungia keria ya baiskeli.